Baiskeli ya Kupanda Rebero

Biryogo, Kigali
14 Novemba 1992

Kwa kaka yangu Songoro,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi na binti yenu Zuena. Mimi niko, namshukuru Mungu. Rambirambi zenu zilifika kwa mkono wa dereva wa lori. Nilizisoma nikalia, nikamsomea mama mkwe naye akalia, tukawa wawili. Watu walikuja wengi kumzika Bizimana. Walipouliza, "Kaka yake Mwavita yuko wapi?" niliwaambia barabara mbaya. Nimekusitiri, kaka, lakini nimeumia. Kwenye harusi yangu ulipitia Bujumbura na mvua yote ile, ukafika na tope hadi magotini, ukacheza ngoma hivyo hivyo.

Sasa nimekaa eda. Sitoki nje ya ua mpaka miezi minne na siku kumi itimie. Nimevaa nyeupe, sina wanja wala manukato, na mama mkwe Nyirahabimana ananilinda kuliko askari wa benki. Hapa tuko salama, usisikilize maneno ya redio.

Lililonikalisha chini kuandika ni hili. Jana shemeji Mucyo, mdogo wake marehemu, alisimama mlangoni pa chumba cha vyombo, akatazama jiliwa la kubania vyuma, tupa na spana za kaka yake, akasema, "Eda ikiisha hivi vitauzwa. Kibanda cha baiskeli nitakifanya duka la betri na sigara, na wewe shemeji tutakupandisha basi urudi kwenu Ujiji." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayepanga viti baada ya harusi, na hapo ndipo nilipoudhika hasa. Miaka yote hii nani alikuwa akiziba pancha kibandani? Nani alikuwa akinyoosha rimu Bizimana akienda kuswali? Kazi za gia tu ndizo ambazo sikujifunza, maana alizipenda mno, hakutaka kuzigawa.

Naye ameacha kazi ya gia haijaisha. Kuna Viateur, muuza maziwa wa Rebero. Asubuhi anateremka na vyombo vimejaa mpaka huku kwetu, mchana anarudi na magunia ya pumba za ng'ombe, anasukuma baiskeli kutoka bondeni Gikondo mpaka juu huku ulimi nje. Bizimana alimwahidi, "Utapanda Rebero ukiwa umekaa." Kule Kiyovu mzungu mmoja aliikanyaga kwa gari baiskeli yake ya mlimani, fremu ikakunjika, akaitupa. Bizimana aliichukua. Gurudumu la nyuma ni zima, lina gia sita, na ile mashine ndogo ya kuhamisha mnyororo nayo ni nzima. Alitaka kuvihamishia kwenye Phoenix kuukuu ya Viateur, fremu ile ngumu ya Kichina.

Nimevitoa vyote uani. Nataka kuimaliza kabla ya kikao cha familia cha mirathi, Mucyo aione kwa macho yake. Lakini gurudumu haliingii, limezidi uma wa nyuma kwa upana wa kidole gumba. Nifanyeje? Wewe ndiye uliyemfundisha hata yeye Bizimana.

Ni mimi mdogo wako,
Mwavita


Ujiji, Kigoma
9 Desemba 1992

Mdogo wangu Mwavita,

Wa alaykumu salaam. Sisi huku wazima. Wifi yako anakusalimu sana, anasema ule hata kama hujisikii. Usishangae mwandiko. Tupa imenikata kidole, basi mimi nasema na Zuena anaandika, na anacheka huku anaandika, sijui nini kinachomchekesha.

Mwavita, umefiwa, hujaajiriwa! Eda ni ya kukaa na kumwombea mumeo, wewe umetandaza vyuma uani kama soko la mnada. Marehemu baba angesikia angefufuka akuulize. Mwache Mucyo auze. Rudi kwenu. Chumba chako kipo, na eda ikiisha nitakuja mwenyewe kukuchukua. Unasema nisisikilize redio, kwani redio ndiyo iliyoanzisha vita? Kila jioni wanaitaja Rwanda, na wewe huandiki hata mstari mmoja wa maana.

Hilo ndilo neno langu. Lakini nikijua kuwa uko huko unapiga nyundo uma wa watu sitapata usingizi, kwa hiyo sikiliza.

Nyundo weka mbali. Tafuta skrubu ndefu yenye nati mbili, iweke katikati ya uma, nati zisukume nje, moja huku na moja huku. Fungua kidogo, ngoja, fungua kidogo tena. Mwenda pole hajikwai. Chuma kinataka kushawishiwa. Ukisikia kinalia kwa kukwaruza, acha, nenda kaswali, urudi. Halafu chukua uzi, uufunge mbele kwenye shingo ya usukani, uupitishe upande mmoja mpaka nyuma na upande wa pili vilevile. Ingiza kidole kati ya uzi na bomba la kiti. Kidole kikipita sawasawa pande zote mbili, uma umenyooka. Kikibanwa upande mmoja, umepinda, na Viateur atakwenda Rebero ubavu kama kaa.

Kabla ya kufunga mnyororo, upitishe wote vidoleni taratibu, kiungo baada ya kiungo. Kinachokataa kukunja utakijua.

Nimesema rudi.

Kaka yako,
Songoro


Biryogo, Kigali
3 Januari 1993

Kaka mpenzi,

Assalaam alaykum. Pole ya kidole. Sisi wazima, tuko salama. Mama mkwe alipata mafua, sasa ananigombeza vizuri kwa hiyo amepona. Mwambie wifi nakula.

Uma umekubali! Nilifungua nati siku nyingi, kidogo kidogo, na siku gurudumu lilipoingia nilipiga kigelegele, nikakumbuka niko eda, nikakimeza nusu. Mnyororo niliupitisha vidoleni ulivyosema, nikakuta viungo viwili vigumu ambavyo kwa kutazama sikuviona kabisa. Sahani ya meno ya mbele ya Phoenix ilikuwa kubwa mno kwa mlima. Nimefunga ndogo niliyoitoa kwenye baiskeli ya mtoto iliyokufa kutu, nimeipiga tupa katikati mpaka ikakaa.

Sasa fitina. Majirani walianza kunong'ona kuwa kwa mjane kunasikika nyundo, huo ni msiba gani? Wengine wakasema mjane hajipaki kitu, na huyu amejipaka grisi mpaka kwenye viwiko. Mama mkwe akaona haya, akaenda kumuuliza shehe. Shehe alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Grisi si manukato." Basi. Mama alirudi amenuna, akanitupia kitambaa cha kujifutia.

Nikaona niijaribu. Mimi kutoka siwezi, na Viateur kuingia uani hawezi, basi mama mkwe akaisukuma baiskeli mpaka nje ya lango na kufunga. Nilisimama nyuma ya ua wa mianzi, sikio langu kwenye upenyo. Nilimsikia Viateur akipanda, akaenda mpaka kwa fundi cherehani, akarudi. Mlio haukuwa sawa. Tak, kisha taak. Akapaza sauti, "Mama, mwambie fundi, hii velo iko na ugonjwa gani? Mimi nakaa, lakini nachechemea!" Mama mkwe akanigeukia akarudia neno kwa neno, utadhani mimi ni kiziwi.

Kaka, pedali hazitazamani. Mguu mmoja wa pedali uko chini kabisa, wa pili haujafika juu. Kotapini, zile pini za kubana miguu ya pedali, nilizipiga zote mbili kwa upande mmoja. Nimekosea, sivyo? Nicheke halafu unijibu. Na breki je? Zile za fito za Phoenix hazitamshusha mtu salama kutoka Rebero akiwa na maziwa.

Mucyo alipita. Aliitazama baiskeli, akaniambia tayari ana mnunuzi wa vyombo. Utakuja lini? Niambie mwezi.

Mwavita


Ujiji, Kigoma
20 Februari 1993

Mdogo wangu,

Wa alaykumu salaam. Nimechelewa kujibu kwa sababu barua yako ilichelewa, na nilipoipata kulikuwa na shughuli. Zuena bado ananiandikia, kidole kina usumbufu wake. Huku samaki wamekuwa adimu na wifi yako amekuwa mkali kwa sababu hiyo.

Nimecheka, ndiyo, mpaka wifi yako akaja mbio. Mtu kuchechemea akiwa amekaa! Hilo kosa kila fundi amelifanya mara moja, na asiyelifanya hajawahi kufunga baiskeli. Geuza mguu mmoja uelekee mbele na mwingine nyuma. Kotapini moja iingie kutoka juu, ya pili kutoka chini. Kisha shika pedali zote mbili uzitikise. Kukiwa na hata pumzi ya kulegea mikono itakuambia.

Breki za fito zing'oe. Chukua zile za yule mzungu, na mtu wa gesi akuchomelee vishikio kwenye uma. Raba zake zimekwisha kauka bila shaka, basi kata ukingo wa tairi kuukuu la gari, usawa wa kidole cha shahada. Zungusha gurudumu ubane. Ikilia kama mbuzi, legeza uigeuze kidogo ili ncha ya mbele iguse rimu kwanza. Italia tena, geuza tena. Ikinyamaza ndiyo imekaa.

Gia zote ni sikio. Zungusha pedali kwa mkono. Mnyororo ukisema tiki-tiki-tiki unataka kupanda na hauwezi, kaza waya robo. Ukinguruma, umekaza mno. Ukipita kama maji, usiguse tena, hata shetani akikushawishi.

Redio imesema vita vimeanza upya na watu wanakimbilia Kigali. Wewe utaniandikia kuwa mko salama. Haya. Kuhusu kuja, nitakuja mvua zikipungua, Inshallah. Usinibane.

Songoro


Biryogo, Kigali
10 Machi 1993

Kaka yangu Songoro,

Assalaam alaykum na Ramadhani karimu. Zuena mwanangu, najua ni wewe unayesoma. Msomee baba yako polepole, na ukifika katikati usiruke.

Eda imeisha. Nimeoga, nimevaa nguo ya rangi, nimetoka langoni. Njia ilikuwa pana kuliko nilivyoiacha. Tulikwenda na mama mkwe mpaka chini Gikondo, mahali mlima unapoanza, tukamngoja Viateur. Alikuja na magunia mawili ya pumba. Watu walisimama. Alihamisha gia, nikasikia mnyororo ukipita kama maji, akaanza kupanda. Pole pole, kaka, hata mtu wa miguu angempita, lakini amekaa! Alipita kona ya kwanza, alipita ya pili, kofia yake tukaiona juu ya migomba, ikaendelea. Nililia pale barabarani. Nilimtaka Bizimana. Nilimtaka aione kofia ile tu.

Kesho yake alfajiri Viateur aliteremka na maziwa yote, hakumwaga, breki hazikulia. Kikao ni baada ya Idi.

Sasa mambo mawili, na yote hatukuyasema.

La kwanza ni langu. Hatuko salama. Waliokimbia vita wamejaa pembezoni mwa mji, wanalala chini ya maturubai. Grineti, mabomu ya mkono, zimelipuka mjini mara si moja. Vizuizi vya barabarani vipo, na watu wanaulizwa vitambulisho vyenye kabila kwa sauti nisiyoipenda. Viateur anapita njia za shambani ili asiulizwe. Sikukuandikia kwa sababu niliogopa utakuja kunichukua kabla sijamaliza.

La pili ni lako. Ulipokuwa ukinifundisha kuziba pancha utotoni, kila neno lako lilikuwa "Tazama! Tazama, Mwavita, una macho ya nini?" Nilikuchukia kwa hilo. Nimezitoa barua zako zote nikazisoma upya. Hakuna "tazama" hata moja. Kila mahali ni gusa, sikiliza, pitisha kidole. Na kidole kilichokatwa na tupa hakiponi miezi mitatu sasa? Hukuja mazishini, huji kunichukua, hutaji mwezi. Kaka, mficha maradhi kifo humuumbua. Macho yako yakoje?

Nijibu wewe, usinitumie hasira.

Mwavita


Ujiji, Kigoma
12 Aprili 1993

Mwavita,

Wa alaykumu salaam. Wifi yako anakusalimu. Zuena alipofika pale ulipomwambia asiruke, alitaka kuikunja barua. Nikamwambia soma. Akasoma huku analia, mjinga huyu.

Ni kweli. Ni kisukari. Jicho la kushoto lilitangulia, la kulia likafuata baada ya Ramadhani ya mwaka juzi. Naona mwanga wa mlango, basi. Habari ya Bizimana ilipofika nilivaa viatu, nikafika kituo cha boti, nikashindwa hata kujua ipi ni ya Bujumbura. Nilisimama pale mpaka mtu akanirudisha nyumbani kwa mkono. Ningekuandikia nini? Kwamba fundi Songoro amerudishwa kwa mkono?

Kibanda changu nilikifunga. Nilikaa chumbani. Watu waligonga, nikawaambia wa nyumbani waseme nimesafiri. Barua yako ya kwanza ilipokuja nilikasirika mpaka nikapiga teke kigoda. Huyu mtoto ananiuliza habari za uma! Lakini usiku kucha nilikuwa naupima ule uma kichwani, na asubuhi nikagundua kuwa sina hakika. Nilikuwa nasema vitu kwa macho niliyokuwa nayo zamani. Basi nikamwambia wifi yako aniletee baiskeli yangu ndani, nikaiweka kitandani, nikaishika. Kila jibu nililokupa nililifanya kwanza kwa mikono yangu. Breki zile zilinichukua siku nne, ndiyo maana barua ikachelewa. Wifi yako alinifukuza chumbani na tairi langu la gari, nikaenda uani, na hivyo ndivyo nilivyotoka nje.

Wewe ulikaa eda ya mume, mdogo wangu, na mimi nilikaa eda ya macho. Tofauti ni kwamba yangu hakuna aliyenipangia siku za kutoka.

Sitaki huruma. Ukinionea huruma nitachana barua. Siji kukuchukua, sasa umejua kwa nini, na sikulazimishi tena. Lakini nikisikia neno grineti moyo unaruka. Chumba chako kipo. Niambie kikao kilikwendaje. Wamekuachia?

Songoro


Biryogo, Kigali
2 Mei 1993

Kaka yangu,

Assalaam alaykum. Tumesali Idi vizuri, tumekula, tumemwombea marehemu. Zuena, asante mwanangu, wewe si mjinga.

Nilisoma barua yako nikiwa nimekaa kwenye benchi la kibanda. Nililia kidogo tu, kwa sababu umenikataza. Kisha nikakasirika, maana ulinisimamia eda yangu nzima mimi nisijue yako.

Kikao kilikuwa hivi. Walikaa wazee, Mucyo akasema vizuri, hana ubaya yule. Alisema baiskeli ameiona, na ni kazi nzuri, lakini mwanamke kibandani, peke yake, nyakati hizi? Mnunuzi wa vyombo anangoja. Wazee wakatikisa vichwa kumkubali. Nikaona imekwisha.

Mama mkwe akasogeza kigoda chake mbele. Ndiye aliyenigombeza miezi yote, ndiye aliyenishitaki kwa shehe, nilijua atakuwa upande wao. Akasema, "Mimi nina fungu langu kwa mwanangu, na huyu ana lake kwa mumewe. Tukiyaweka pamoja wewe Mucyo unabaki na nini? Mguu wa benchi?" Wazee wakacheka. Yeye hakucheka. Akasema, "Nyundo ile ilikuwa inanisumbua mchana. Iliponyamaza, ndipo nilipokumbuka kuwa Bizimana hayupo. Usiuze." Mucyo akainama. Alimwendea mama yake akamshika magoti, na mimi nikatoka nje nisiwaone.

Basi kibanda ninacho. Mama mkwe anakuja kila siku na kigoda chake, anakaa, anawaambia wateja wasubiri. Kuhusu vita sina la kukuahidi. Sikudanganyi tena kuwa tuko salama, na wewe usinidanganye tena habari za kidole. Ikifika siku ya kuondoka, nitaondoka na mama mkwe mkono mmoja na jiliwa mkono wa pili, na chumba utatupa sisi wote.

Sasa kazi. Nina baiskeli hapa ya mwalimu mmoja wa Kinyinya, nimeifunga gia kama ile ya Viateur. Kwenye tambarare imenyamaza kabisa. Ikianza kupanda, kila mguu wa kulia unaposhuka, inatoa mlio mmoja, mdogo, mkavu. Nimeifungua yote mara mbili. Nimetazama kila chuma juani, na macho yangu ni mazima, kaka, hayaoni kitu. Mwalimu ameniachia mpaka mwisho wa Juni na mimi nimekwama. Fungua kibanda chako, ushike ya kwako, uniambie nisikilize wapi.

Mwavita